Historia ya Mektilda Tarimo, Mwalimu wa Malezi wa Mtaa wa Narung'ombe

Baba Paroko, mapadre na masista, ndugu wa ukoo wa Kavishe na wa Tarimo, wafanyabiashara wenzetu wa Kariakoo na Gerezani, majirani wa imani zote mliofunga maduka asubuhi hii wakati Krismasi iko mlangoni na kila mmoja wetu anajua maana ya kufunga duka siku kama hizi, tumsifu Yesu Kristo, asalaam alaikum, na salamu kwa kila mmoja kwa desturi ya kwao. Anayewasomea ni Isidori Kavishe, mdogo wake marehemu, muuza vipuri vya malori pale Gerezani, ambaye hakuzoea kusoma mbele za watu na anaomba mumvumilie sauti ikimkatikia njiani. Historia hii imeandikwa na familia kwa siku mbili, na Angela, mtoto wa kwanza wa marehemu, alitoa sharti moja tu, kwamba yaliyotokea yaandikwe kama yalivyotokea, yasitiwe sukari, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliyasema hadharani kwa miaka kumi na sita na hakuwahi kuyaonea haya. Wazee walisita kidogo, kisha wakakubali.

Marehemu Mektilda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 katika kijiji cha Mashati, wilayani Rombo, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Hillary Kavishe na mama yetu Candida, ambao wote wametangulia, na alikuwa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote nyumbani, kiasi kwamba mama akimhitaji mtu aliyeko ng'ambo ya korongo alimtuma Mektilda asimame tu uani aite. Alisoma Shule ya Msingi Mashati kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akafaulu vizuri, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na jina lake halikutoka, hivyo mwaka 1984 akapelekwa kwa masista kujifunza ushonaji, akamaliza mwaka 1986 akiwa fundi wa nguo za watoto wadogo, kazi ambayo wenzake waliikwepa kwa sababu ya udogo wa mikono na shingo za nguo hizo.

Tarehe 9 Februari 1987 alifika Dar es Salaam kumsaidia baba mdogo dukani, Mtaa wa Narung'ombe, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote, kwanza kama muuzaji, kisha, kuanzia Novemba 1993, kama mwenye duka lake mwenyewe la jumla la nguo za watoto wachanga. Wanaomfahamu wanajua kwamba nguo zake zilikwenda Tunduru, zilikwenda Sumbawanga, zilivuka mpaka zikaenda Lubumbashi, na kwamba alikuwa akimwangalia mama mjamzito aliyesimama mlangoni na kumtajia saizi ya mtoto atakayezaliwa, na mara nyingi hakukosea. Tarehe 28 Desemba 1991, katika msimu ule ambao kila mtu wa kwetu anakuwa nyumbani, alifunga ndoa takatifu na ndugu Robert Tarimo wa Useri, ambaye leo ni mgane, mwenzetu katika huzuni hii, na Mungu akawajalia watoto wawili, Angela, aliyezaliwa hapa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1993, na Fortunata, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1997.

Sasa hapa ndipo penye uzito, na Isidori anaomba kuvuta pumzi.

Duka lilipofunguliwa Angela alikuwa na miezi tisa, na wote wawili, mume na mke, walikuwa dukani tangu alfajiri hadi jioni, na mtoto alikuwa chini ya meza ya kukatia mzigo, ndani ya boksi lililotandikwa khanga. Ilipofika Desemba wakapanda nyumbani kama watu wote, na huko wazee wakakaa, wakaona, wakashauri kile ambacho familia nyingi za kwetu zilizokuwa na duka Kariakoo zilikifanya na wala hakuna aliyekiona kuwa kosa, kwamba mtoto abaki kwa bibi, kwani mlimani kuna maziwa, kuna hewa, kuna macho ya kumtazama, na Kariakoo kuna vumbi na mikokoteni. Marehemu alikubali. Asubuhi ya tarehe 2 Januari 1994, ili mtoto asilie, mdogo wake Isidori, huyu huyu anayesoma, alimbeba Angela akampeleka nyuma ya zizi kumwonyesha mbuzi, na huku mbele mama yake akapanda gari bila kumuaga, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, kwamba mtoto mdogo haagwi, mtoto mdogo hutorokwa. Mbuzi walimchekesha sana. Alipomaliza kucheka akageuka kutafuta mtu, na mtu hakuwepo, na Isidori alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na hakujua amefanya nini.

Kutoka siku hiyo marehemu alituma kila kitu kinachoweza kutumwa, maziwa ya kopo, viatu, wanasesere, na nguo, nguo nyingi kuliko za mtoto yeyote wa kijiji kile, ila aliyekuwa akiwavika watoto wa nchi nzima hakuijua tena saizi ya mtoto wake, akawa anakisia, na kila mzigo ukifika bibi hukata mikono ya sweta moja na kuirefusha ya jingine. Kila Krismasi alipanda, na kila Januari alishuka. Mtoto naye akajifunza kuongea kwa kusikiliza watu wa nyumba ile, na kwa kuwa watu wote wa nyumba ile walimwita bibi Mama na marehemu wakamwita Dada, Angela naye akamwita bibi yake Mama, na mama yake akamwita Dada. Watu wakacheka, na marehemu akacheka pamoja nao, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Krismasi ya mwaka 1996, siku ya tatu baada ya kufika, marehemu akiwa jikoni alimsikia Angela, ambaye alikuwa anakaribia kutimiza miaka minne, akimwuliza bibi kwa sauti ya chini na ya adabu kabisa, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?" Bibi alimkemea, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Marehemu aliamua saa ile ile kwamba mwaka huo hashuki peke yake, na tarehe 4 Januari 1997 akashuka na mtoto, na kwa siku kumi na moja mtoto huyo alikaa kwenye kizingiti cha duka, mkoba wake mapajani, hakula isipokuwa chai, akapata homa, na kila basi lililopiga honi Msimbazi alisimama. Siku ya kumi na mbili Isidori akamrudisha Mashati. Kwa hiyo mtu akimtafuta aliyemtenganisha Angela na mama yake, mara ya kwanza na mara ya pili, asiangalie mbali, yuko hapa mbele ana karatasi mkononi.

Fortunata alipozaliwa hakupelekwa popote, alilelewa dukani, mtaa mzima ukamjua, na kwa desturi yetu ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto, Kariakoo yote ikamwita marehemu Mama Fortunata, kwani mtoto waliyemwona ndiye huyo. Angela aliposhuka kwa ajili ya shule mwezi Januari 2000, akiwa na miaka inayokaribia saba, alikuta jina limeshashika, na kwa kuwa Dada lilikuwa limeanza kumtia aibu mbele ya wenzake, akalichukua hilo la mtaani, akawa anasema, "Shikamoo, Mama Fortunata," na mama yake anaitikia, "Marahaba mwanangu." Alikuwa mtoto mtiifu, hodari wa darasani, hakuwahi kumjibu mzazi vibaya, na hilo ndilo lililomuuma marehemu zaidi, kwa sababu aliwahi kumwambia mdogo wake kwamba mtoto anayekuogopa kidogo na kukuheshimu sana ni mtoto anayekaa kwako kama mpangaji.

Mwezi Juni 2009 afisa ustawi wa jamii alipita madukani kutafuta watu watano wa kujitolea kupata mafunzo ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, na wenye maduka wakawa wanajificha nyuma ya mizigo, ila Mektilda alikwenda, akakaa darasani wiki tatu pamoja na wasichana waliokuwa nusu ya umri wake. Siku aliyofundishwa kwamba mtoto wa miezi minane hadi mwaka na nusu ndipo anapojua nani ni wake na nani si wake, na kwamba mzazi akilazimika kuondoka asimtoroke mtoto bali amuage, amwangalie usoni amwambie anakwenda wapi na atarudi lini hata kama atalia, siku hiyo alitoka nje ya darasa, na mwalimu akadhani ameugua. Alirudi baada ya saa nzima. Aliomba lile somo lirudiwe.

Kuanzia hapo alianzisha mkutano wake wa kila Alhamisi saa nane mchana, wakati ule jua linapokuwa kali na wateja wamepungua. Mahali pa kukutania palipatikana kwa bibi Jasvanti, jirani yetu wa ghorofa ya juu ya duka, ambaye watoto wake, Jeet na Charmi, wamehamia ng'ambo miaka mingi, na ambaye alishuka ngazi akamwambia marehemu, "Mama Fortunata, chumba kipo, kimya kimenichosha, walete hao watoto." Wakaja. Wakaja akina mama wauza sufuria wa barabarani, mama lishe, wauza maji, wake wa wenye maduka, na baadaye, kwa maneno na kwa kuvutwa mashati, wakaja akina baba, wachukuzi wa mizigo na mafundi wa Gerezani wenye mikono ya grisi, wakafundishwa kukaa chini sakafuni na kuongea na mtu wa miezi sita. Vitu vya kuchezea vilikuwa makopo, vifuniko vya chupa, maboksi na vipande vya vitenge, na swali lake kwa kila aliyeingia lilikuwa moja, "Huyu leo umemwambia nini?" Mchukuzi mmoja alijibu kwamba mtoto bado hajui kuongea, amwambie nini, na marehemu akamuuliza kama yeye alijifunza kuongea kutoka kwa ng'ombe.

Shamsa, ambaye wengi mnamfahamu, muuza vyombo vya plastiki, alikuja na mtoto wa miaka miwili asiyesema neno hata moja, mtoto aliyesifiwa na mtaa mzima kwa utulivu wake, anayekaa ndani ya boksi na simu yenye katuni mkononi tangu asubuhi hadi jioni bila kusumbua. Marehemu alimwangalia, akamwambia, "Shamsa mdogo wangu, mtoto mtulivu hivi si sifa, mtoto huyu amekata tamaa ya kukuita." Shamsa alinuna, akaondoka, akarudi Alhamisi iliyofuata. Mtoto huyo leo yuko kidato cha pili, anaongea mpaka walimu wanamtoa nje, na mama yake ndiye anayeongoza kikundi sasa.

Lakini mwezi wake mkubwa wa kazi ulikuwa Novemba, kabla msafara wa kwenda nyumbani haujaanza, ambapo alipita duka kwa duka kwa kila mama wa kwetu mwenye mtoto mchanga, anakaa, anaagiza chai, na kusimulia habari za mbuzi wa nyuma ya zizi, bila kuficha jina wala mwaka. Wapo waliomwambia anawatukana mabibi, na mama yetu Candida mwenyewe aliumia aliposikia, wakakaa miezi minne hawapigiani simu, mpaka marehemu akapanda Mashati kumwambia kwamba lawama si yake, kwamba yeye alimlea Angela vizuri, na ndiyo maana Angela ana mama, na mama huyo si Mektilda. Walilia wote wawili. Familia haina hesabu ya watoto waliobaki na wazazi wao kwa sababu ya chai zile za Novemba, ila wapo humu ndani, na wengine wameanza kuota ndevu.

Angela aliyaona haya yote. Alikuwa na miaka kumi na sita kikundi kilipoanza, anatoka shule anakuta mama yake yuko sakafuni na watoto wa watu, na jioni moja ya mwezi Septemba 2009, kwa sauti ile ile ya adabu, alimwuliza, "Mama Fortunata, wa watu unawajua mpaka meno wanayoota. Mimi jino langu la kwanza kung'oka lilikuwa la juu au la chini?" Marehemu hakujua. Hakubahatisha, hakudanganya, alisema sijui, na Angela akasema asante, akaenda kufanya kazi za shule.

Tarehe 17 Julai 2011 tulimzika mama yetu Candida. Walipoitwa watoto wake kuweka mashada, Angela alisimama akaenda mbele pamoja na sisi, wala hakuna aliyemzuia, na Mektilda akasogea pembeni kumpisha nafasi, akaweka shada lake wa mwisho kabisa, baada ya wakwe.

Angela alisoma akawa mpima ardhi, akahamia Dodoma, akafunga ndoa tarehe 9 Oktoba 2021 na ndugu Ignasi, ambaye kazi yake iko Geita, na tarehe 2 Mei 2024 akajifungua mtoto wa kiume, akampa jina la babu aliyemlea, Hillary. Kwa desturi ni mama mzazi anayekwenda kumpikia binti yake mtori, na marehemu alikaa na ndizi zake jikoni siku tano akisubiri kuitwa, hakuitwa, siku ya sita Fortunata akamkatia tiketi. Alikaa Dodoma siku arobaini. Angela kuanzia hapo akamwita Bibi Hillary, na marehemu aliporudi alimtania mdogo wake kwamba katika utumishi wake amepanda vyeo vyote, ameanzia Dada, akawa Mama Fortunata, sasa ni Bibi, ila kuna cheo kimoja katikati pale amerushwa. Alicheka sana alipokuwa anasema hivyo, na sisi tukacheka, tusijue la kufanya.

Tarehe 6 Machi 2025 Angela alipiga simu. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka, ofisi ilikuwa imempangia kazi ya miezi saba ya upimaji, Manyoni na baadaye Iramba, kwenye mahema, na akasema amefikiria, Hillary ambaye ametimiza miezi kumi atakuja Kariakoo kwa bibi yake mpaka Oktoba. Simu ilikuwa wazi dukani, Robert na Fortunata walisikia. Marehemu alisema, "Hapana, mwanangu. Mtoto haendi popote. Nitakuja mimi." Angela, ambaye hakuwahi kupandisha sauti, siku hiyo aliipandisha, akasema, "Mbona mimi nilipelekwa na sikufa?" Dukani palikuwa na mteja anayehesabu soksi, naye akaacha kuhesabu. Marehemu alisubiri mpaka upande wa pili ukakata, kisha akamwita Shamsa, akamkabidhi kikundi, akamkabidhi Fortunata duka, na tarehe 8 Machi akapanda treni ya umeme kwenda Dodoma.

Karibu miezi saba hiyo yote aliishi kwenye mahema, mama wa miaka hamsini na mitano mwenye miguu inayovimba, akipika kwenye mafiga, mjukuu mgongoni, ili mpima ardhi akirudi jioni na vumbi lake amkute mwanawe. Kila asubuhi alimkatalia Angela asiondoke kimyakimya, lazima apige magoti, amwangalie mtoto, amwambie anakwenda kupima mashamba na atarudi jua likishuka. Hillary alilia wiki mbili, kisha akaacha kulia akaanza kupunga mkono. Tarehe 30 Mei, jioni, Angela aliporudi, mtoto alitembea hatua zake nne za kwanza kumwendea, akamwita "mama", na marehemu aliyekuwa anapepeta mchele akatupa ungo, akapiga vigelegele mpaka vibarua wakatoka kwenye mahema kuuliza nani ameolewa. Angela ameomba isomwe kwamba siku hiyo alimwangalia mama yake akiokota mchele mchangani, neno likamjia mdomoni, na akalimeza, kwa kuwa alidhani siku bado zipo.

Siku hazikuwepo. Tarehe 22 Septemba 2025, akitafuta kadi ya kliniki ya Hillary katika mkoba wa bibi yake, Angela alikuta kadi nyingine, ya marehemu mwenyewe, ya kupimwa uvimbe wa titi, na tarehe iliyoandikwa kwamba arudi kukatwa kinyama cha kupima ilikuwa 12 Machi 2025, siku nne baada ya ile aliyopanda treni. Uvimbe huo aliugundua Novemba mwaka 2024, akamweleza bibi Jasvanti peke yake, akamwapisha asiseme, na bibi Jasvanti, ambaye amekaa pale na mtandio mweupe, ametuomba tulisome hili ili mzigo umpungue. Bibi, hakuna anayekulaumu. Angela alipomwuliza marehemu kwa nini, alijibu kwamba vipimo vingesubiri, lakini mtoto wa miezi kumi hasubiri, na kwamba yeye ndiye anayejua bei yake kuliko daktari.

Walishuka Dar es Salaam tarehe 25 Septemba. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini na mifupa, akaanza matibabu, akapata nafuu ya wiki tatu mwezi Oktoba ambayo aliitumia kukaa na kikundi chake, na Novemba, akishikwa mkono na Shamsa, alipita maduka manane. Duka la tisa miguu ilikataa. Tarehe 4 Desemba alilazwa, na Angela akaomba ruhusa kazini, akakaa kando ya kitanda siku kumi na mbili, akimwosha, akimgeuza, akimlisha uji kwa kijiko, wakiongea habari za Hillary na za ndizi na za watu, habari zote isipokuwa ile moja.

Jumatatu tarehe 15 Desemba, saa kumi na moja jioni, marehemu aliomba ainuliwe akae. Isidori alikuwepo na alimshika mgongo. Alimwomba Angela ashuke chini kidogo ili waangaliane usoni, akamshika mashavu kwa mikono miwili, na kwa ile sauti yake kubwa ambayo sasa ilikuwa imebaki kidogo sana, alimwambia, "Angela, naondoka. Sitarudi jioni. Safari hii sikutoroki, nakuaga." Akamwambia kwamba siku ile ya mbuzi, gari lilipopita kona ya mgomba, alimwambia dereva asimame, dereva akasimama, na yeye akashindwa kushuka kwa kuogopa kilio cha mtoto, na kwamba dakika ile aliyokaa kwenye gari lililosimama ndiyo aliyoishi nayo miaka thelathini na moja. Habari hii hakuwahi kumwambia mtu. Angela alifungua mdomo, machozi yakatangulia, akatikisa kichwa tu, na marehemu akampangusa, akaomba alazwe.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 16 Desemba 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi minne na siku mbili. Daktari aliandika kwamba ilikuwa saa kumi na mbili na dakika saba. Angela alikuwa ameshuka kuchota maji ya moto ya kumwoshea, Isidori alikuwa kwenye ngazi na chupa ya chai, na ilipotimia saa kumi na mbili na dakika kumi alisikia sauti ya Angela, ambayo hakuwahi kuisikia ikimwita marehemu kwa neno hilo, ikiita, "Mama! Mama! Mama!" na wauguzi wa wodi ya chini wakapanda mbio. Wapo katika familia walioshauri kwamba tusome kuwa marehemu aliitwa, akasikia, akatabasamu, ndipo akalala, na walishauri kwa upendo. Angela alikataa. Alisema ni dakika tatu, ziandikwe tatu. Aliye na mzazi asiyemwita, na aliye na mtoto aliyemwacha mahali, aondoke na dakika hizo tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao walifanya kila lililokuwa ndani ya uwezo wao kwa mgonjwa aliyechelewa kufika, inamshukuru bibi Jasvanti, Shamsa na akina mama na akina baba wote wa Alhamisi, ambao tangu Jumanne mmepika, mmefagia na mmelala kwenye mikeka nyumbani kwetu, inawashukuru wenye maduka wa Narung'ombe, wachukuzi mlioomba kulibeba jeneza ngazi kwa ngazi bila kubadilishana, mafundi wa Gerezani, wafanyakazi wenzake Angela waliokuja kutoka Dodoma, jumuiya na kwaya. Tusiowataja si kwa kuwasahau, karatasi imejaa. Baada ya ibada hii safari itaanza kwenda Useri, ambako mazishi yatafanyika kesho Jumamosi tarehe 20 Desemba, saa nane mchana, na wenye watoto wadogo wanaobaki mjini wanaombwa wasiwatoroke.

Dada yangu Mektilda, mdogo wako aliyembeba mtoto nyuma ya zizi ameomba msamaha kwa Angela usiku wa kuamkia leo, na amepewa. Hillary amelala mapajani kwa Angela hapa mstari wa mbele, amefunikwa khanga yako, na ofisi imemwandikia mama yake kwamba kuanzia Januari atapimia mjini. Mtoto yuko kwa mama yake. Pumzika kwa amani.